Jinsi Mavyaa Alivyonishtaki kwa Mungu

Niliolewa Changamwe katikati ya vita vya pili. Nilikuwa nimesoma miaka michache katika shule ya misheni kwetu Rabai, nikajiona najua kusali. Mume wangu alikuwa akipakia mapipa kwenye ghala la mafuta. Tulipanga chumba na sebule ndogo katika nyumba ya udongo na makuti. Chumba cha pili alikaa mwenye nyumba, mjane wa Kiislamu tuliyemwita Bi Mkubwa. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Ziliishia kwa urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, na kutoka hapo hadi kwenye makuti palikuwa hewa tupu. Mtu akikohoa chumba kimoja, chumba cha pili walimpa pole.

Mvua zilipokataa kunyesha bara, mama yake mume wangu akaja kukaa nasi. Kwa Kiswahili chetu mama wa mume ni mavyaa. Alikuja na mkeka, kinu na kuku wawili, akalala sebuleni. Alikuwa mama wa heshima. Nikimwamkia shikamoo aliitika, "Marahaba mwanangu, umelalaje?" Nikimuuliza chakula kimekuwaje alijibu, "Kizuri, Mungu akubariki." Siku ile ya kwanza, kabla ya kula cha jioni, nilimwambia mume wangu kwamba nimepata mavyaa wa kujivunia. Mume wangu alinitazama kidogo, kisha akaendelea kufungua kamba za viatu vyake.

Tukaketi mkekani. Mavyaa akafumba macho, akasali kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba.

"Bwana Mungu, tunakushukuru kwa siku ya leo. Tunakushukuru kwa sima hii, ambayo kwa chini ni mbichi. Mbariki mkaza mwanangu aliyeisonga. Bado ni mgeni wa mwiko, hajajua kwamba sima husongwa mpaka mwiko ugome. Uwalinde askari walio baharini na walio nchi kavu. Na mchicha huu, Bwana, wewe uliumba mchanga na ukaumba mchicha, lakini hukuviweka pamoja sufuriani. Amina."

"Amina," akasema mume wangu, akaanza kula.

Nikala sima yangu. Kwa chini ilikuwa mbichi.

Nilidhani ni jambo la siku moja. Kumbe ndivyo alivyosali siku zote, jioni kabla ya chakula na alfajiri kabla ya kuinuka mkekani. Mchana kutwa hakunikosoa hata kwa jicho. Jioni ikifika alimweleza Mungu yote aliyoyaona: nimepasua kata ya kuchotea maji, nimeacha jiko likizima, nimeongea na muuza samaki mpaka samaki mwenyewe akachoka. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayempa mwenye shamba habari za shamba.

Asubuhi moja Bi Mkubwa alinikuta uwani nikianika nguo. Yeye huamka mapema kwa sala yake, kwa hivyo hakupitwa na kitu.

"Leo umesemwa," akaniambia.

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

"Habari ya kola za mashati."

"Ndiyo."

"Wallahi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeziona hizo kola, nikaona haya kukwambia."

Nikamwendea mume wangu. "Mwambie mama aniambie mimi," nikasema.

"Akwambie nini?"

"Makosa yangu."

"Kwani amekutolea neno baya?"

"Hajaniambia neno lolote. Anamwambia Mungu."

Mume wangu alikuwa akivaa viatu. "Sasa unataka nikamzuie mamangu asisali?" akauliza. Akaenda kazini.

Basi jioni moja mume wangu akiwa zamu, nilipakua wali na mchuzi wa papa, nikasema, "Mama, leo naomba nisali mimi."

"Vizuri, mwanangu," akasema, akafumba macho.

"Bwana," nikaanza, "tunakushukuru kwa mchuzi huu wa papa. Ule wa jana ulisikia ukisemwa kwamba umezidi chumvi. Uliona pia kwamba aliyeusema aliupangusa mpaka sahani ikang'aa. Mzidishie mama afya na hamu ya kula. Na akiwa na neno juu yangu, mpe ujasiri aniambie mwenyewe, maana wewe una shughuli nyingi wakati huu wa vita. Amina."

Upande wa pili Bi Mkubwa akakohoa. Mavyaa alifumbua macho, akanawa mikono, akala matonge kadhaa.

"Umesali vizuri," akasema. "Mwishoni umekwenda mbio kidogo."

Alfajiri yake nikamsikia sebuleni. "Bwana, nakushukuru kwa kumfungua kinywa mkaza mwanangu. Nilikuwa nimeanza kudhani mwanangu ameoa bubu."

Tangu hapo tukawa tunapokezana. Jioni hii yeye, jioni ijayo mimi. Katika sala nilifundishwa kukamua tui la pili bila kulitia maji mengi, kumkata kuku kwa viungo vyake, na kumjibu mtu wa duka la mgao anapokupimia sembe ya chini ya gunia. Nami nilimweleza Mungu kwamba ugoro wa mama unamwagika kwenye leso zangu, na kesho yake kikopo cha ugoro kilikuwa kimehamia dirishani. Mume wangu alisema Amina kwa wote wawili bila upendeleo. Kwa njia hiyo mimi na mavyaa tulifahamiana kuliko wakwe wengi wanaozungumza.

Alfajiri moja mimi na mume wangu tukiwa bado tumelala, nilimsikia mavyaa akisema, "Na umlinde huyo aliye tumboni, ambaye babake bado hajaambiwa."

Mume wangu akaketi kitandani. "Ni kweli?" akaniuliza.

"Sina hakika bado," nikasema.

"Mama anaonekana ana hakika."

Kabla sijachemsha chai, Bi Mkubwa alikuwa ameniletea ndimu.

Mimba ilikuwa bado haijaonekana sana mume wangu alipoandikishwa jeshini. Walikuwa wakitafuta vijana waliozoea kubeba vitu vizito, na kwenye ghala la mafuta hawakuhitaji kutafuta sana. Wakasema wanapelekwa Bama, nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Mama yake alimkaangia mihogo, akaifunga katika kitambaa, akampa mkono kama anavyopewa mgeni. Lori lilipoondoka alirudi ndani akafagia sebule iliyokuwa imefagiwa.

Jioni ile ilikuwa zamu yake kusali. Alisali sana. Alimwombea mfalme na wakubwa wake, kuku wake, jino la Bi Mkubwa, madereva wa malori, mvua ya bara, mimi na mimba yangu. Mwanawe hakumtaja. Nikadhani ni uchungu umemsahaulisha. Alfajiri nikatega sikio: aliombea hata mbuzi wa jirani aliyekula sabuni, lakini mwanawe hakumtaja. Kesho yake vilevile, na wiki iliyofuata vilevile.

Bi Mkubwa naye alikuwa ameona. "Mbona hamtaji kijana wake?" akaniuliza kisimani.

"Sijui, Bi Mkubwa."

"Waligombana?"

"Hawakugombana."

"Mimi nimemtaja," akasema. "Sikuona vizuri mtu atoke nyumbani kwangu asitajwe."

Zamu yangu ya kusali ilipofika, nilisema, "Na umlinde mume wangu huko aliko, umrudishe salama." Kabla sijafika Amina, nikasikia mkeka ukilia. Mavyaa alikuwa ameinuka. Akatoka kwenda uwani, na punde nikasikia kinu. Nilimfuata. Alikuwa akitwanga mahindi ambayo tulikwisha kuyatwanga mchana.

"Mama, nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi mbona umeondoka?"

Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akauegemeza mchi.

"Babake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vile vya kwanza," akasema. "Mumeo alikuwa mgongoni mwangu. Mimi nilikuwa nimebatizwa karibuni. Mchungaji alituambia tumpelekee Mungu kila tunayempenda, tumtaje kwa jina. Nikamtaja. Nikiamka namtaja. Nikienda kuchota maji namtaja. Vita vikaisha, wengine wakarudi wamekonda, nikazidi kumtaja. Mtoto akaanza kutembea, akaanza kuuliza, mimi bado namtaja."

"Hakurudi," nikasema.

"Hakurudi. Wala hakutokea mtu wa kuniambia amezikwa wapi."

Nikakaa kwenye kigogo. Alinitazama kuona kama nimekaa vizuri na tumbo langu.

"Mimi sina ugomvi na Mungu," akasema. "Mambo yangu yote namwambia, wewe unayasikia. Lakini lile kubwa nilipolipeleka, sijui nililisema vibaya wapi. Nimefikiri miaka yote hiyo. Pengine nilimchosha. Pengine kuna neno lilitakiwa, nami sikulisema. Kwa hivyo namwambia habari za chumvi. Habari za chumvi nazijua. Huyu mmoja simtaji, nisije nikakosea tena."

Nilijaribu kukumbuka niliyofundishwa misheni. Tulifundishwa Amri Kumi, majina ya mitume na kushona mikono ya gauni. Mwisho nikasema, "Basi nitamtaja mimi, mama."

Akaushika tena mchi. "Wewe umewahi kumtaja mtu akapotea?"

"Sijawahi."

"Basi mtaje wewe. Lakini usiende mbio."

Ndivyo tulivyogawana. Yeye alibaki na chumvi, mvua, majirani na ulimwengu kwa jumla. Mimi nilikuwa na mtu mmoja. Kila nilipomfikia, mavyaa aliushika ukingo wa mkeka kwa vidole viwili, na nikimaliza alisema Amina kwa sauti ndogo ambayo haikupita ukutani.

Sijawahi kusali kama nilivyosali miezi ile. Zamani nilisali kwa kuwa chakula kilikuwa tayari. Sasa nilijua mtu aliyekaa mbele yangu ameniachia mzigo wake mzima, naye anasikiliza kama nitauangusha. Nilijifunza kusema polepole. Jioni nyingine nilikuwa nimechoka, maji yamekosekana, miguu imevimba, sina imani ya kutosha hata kuwashia jiko. Nikasali hivyohivyo. Sala ikafika mwisho kama sala nyingine, tukala.

Uchungu wa kuzaa ulinishika mchana. Bi Mkubwa alinishika mabega, mavyaa akawa miguuni pangu. Alikuwa amezalisha wengi huko bara, mikono yake ilijua kazi. Lakini midomo yake ilikuwa juu, kwa Mungu.

"Bwana, mwambie asijikaze bado," akasema. "Bwana, mwambie avute pumzi. Sasa, Bwana, mwambie asukume."

"Mama," nikasema, "niambie mwenyewe."

Akanitazama. Bi Mkubwa naye akamtazama.

"Sukuma," akasema mavyaa.

Ukiacha habari za sala, hilo ndilo neno la kwanza aliloniamuru ana kwa ana. Nikasukuma, akazaliwa msichana mwenye sauti ya nyanya yake.

Mtoto alikwisha kuota meno vita vilipotangazwa kuisha. Watu waliimba njiani, mwenye duka akagawa peremende. Baada ya miezi, wanaume wakaanza kurudi kwa makundi, wamevaa makoti makubwa yasiyofaa Mombasa. Mmoja alirudi nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwingine karibu na kituo cha reli. Nilimuuliza kila mmoja. Huyu alimwona mwaka uliopita, yule alisikia yuko hospitali, wa tatu alimchanganya na mtu mwingine. Mavyaa hakuuliza. Alitwanga mahindi mpaka tukakosa ya kutwanga, akaanza kutwanga mihogo mikavu.

Alfajiri moja nikiwa nimelala na mtoto, nilimsikia mavyaa sebuleni akianza sala. Alimshukuru Mungu kwa usiku. Alimweleza kwamba mlango wa banda la kuku umelegea. Kisha nikamsikia akitaja jina la mwanawe. Alilitaja mara moja, taratibu, wala hakuongeza ombi lolote. Akasema Amina. Upande wa pili wa ukuta Bi Mkubwa akasema, "Inshallah."

Jioni niliendelea na zamu yangu kama kawaida.

Mume wangu alirudi masika. Alikuwa amekonda, sikio moja halisikii, na homa humpanda kila mwezi ukiandama. Sisemi ni sala ya nani iliyomrudisha. Kuna wanawake Changamwe waliosali kutushinda, na waume zao hawakurudi. Nilikuwa nikikaa nao kanisani benchi moja. Mavyaa naye hakusema kwamba safari hii amelipata lile neno. Alimpikia mwanawe uji, akamtazama akiunywa mpaka mwisho.

Alipomaliza tukamuuliza kama huko Bama walikuwa wakisali.

"Wengine walisali," akasema. "Mimi sikusali sana. Nilikuwa naanza, nasinzia kabla ya kufika katikati."

Nikamtazama mavyaa, nikingoja aseme juu kwa Mungu. Lakini alimgeukia mwanawe, upande wa sikio zima.

"Haikuharibu kitu," akamwambia. "Kazi hiyo ilikuwa na watu."

Kisha akamwekea mtoto mapajani. Mtoto akamtazama baba yake toka utosini hadi kidevuni, akaangua kilio, kwa kuwa hakumjua.