Kigingi cha Kona

Kwetu wanaakiolojia, msimu wa kuchimba hauanzi kwa kuchimba. Unaanza kwa vigingi na kamba. Unapigilia msumari mahali pasipoweza kusogea, unapima kutoka hapo, unasimika vigingi vinne, unavizungushia kamba, na hapo umepata mraba wako. Kuanzia hapo kila kitakachotoka ardhini kitajulikana kilikuwa wapi. Ukikosea mara ya kwanza usijilaumu sana. Unang'oa na kupima upya. Sote tumeng'oa.

Ila msimu huu hatukung'oa sisi.

Tulikuwa Eastlands, kwenye mtaa wa zamani ambako safu moja ya nyumba za chumba kimoja ilikuwa imebomolewa. Mimi na mwenzangu, mtu wa Mombasa, tulitaka kujua watu walioishi pale walikula nini na walitupa nini. Msumari tuliupigilia kwenye karo la zamani la kufulia, kwa kuwa ndicho kitu pekee pale ambacho hakuna aliyewahi kukihamisha. Tukasimika vigingi, tukafunga kamba, tukapiga picha, tukaenda nyumbani tumeridhika.

Asubuhi kiwanja kilikuwa kitupu. Vigingi vilikuwa vimepangwa vizuri mlangoni pa nyumba ya jirani, na kamba imekunjwa juu yake. Mama wa nyumba hiyo huwafulia watu nguo, na huzianika pale kiwanjani. Hana pengine pa kuanika. Kwingine kote wameshajenga ghorofa.

"Shikamoo, mama," mwenzangu akasema.

Mama akamtazama viatu. "Huku anayeniamkia hivyo ni mwanasiasa ama broka wa viwanja. Wewe ni yupi?"

"Sisi ni watafiti."

"Sawa. Nimewawekea vigingi vyenu, visilowe. Sasa nani amewauzia?"

Nikamweleza polepole kwamba hatujauziwa. Tunachimba tu, tunatazama, kisha tunafunika.

"Hata mwenye ghorofa ile alisema anachimba tu," akasema. "Na hakudanganya. Alichimba."

Nikamwonyesha kibali chetu, chenye mhuri. Akasema yule wa ghorofa naye alikuwa na mhuri, tena wake ulikuwa mkubwa.

"Mnatafuta nini kwani?"

"Takataka," nikasema, kwa sababu ndio ukweli: vikombe vilivyovunjika, vifungo vya mashati, mifupa ya mchuzi.

Akanyoosha kidole kuelekea mtoni, ambako takataka zilikuwa zimerundikana. "Zile za juu hamzitaki?"

Mwenzangu alianza kumfafanulia tofauti, nikamgusa mkono. Chuoni vigingi vinne na kamba ni mwanzo wa elimu. Eastlands vina maana moja tu: pameuzwa. Mama huyu akipoteza pa kuanika, hafui; na asipofua, hali chakula. Ningekuwa yeye ningeving'oa pia, ingawa sidhani ningevipanga.

Mazungumzo yalichukua vikombe viwili vya chai, na yeye ndiye aliyeipika. Tulikubaliana kwamba kamba zake za nguo zitahamia kando, kuzunguka shimo letu, na sisi tutamchimbia mashimo ya nguzo. Kisha akaweka sharti lake. Kila jioni atang'oa kigingi kimoja aende nacho nyumbani hadi asubuhi, amalize kuanika. Siku tutakayofunika shimo, atatuachia kabisa.

"Kipi?" nikauliza.

Akaonyesha kile cha kona, kilicho karibu na karo.

"Mama, bila hicho hatuwezi kuanza kazi."

"Ndiyo maana nimekichagua."

Kwa hivyo kila asubuhi tulisimama na miiko yetu ya kuchimbia mikononi, tukimngoja amalize kuanika. Mashuka yalituzunguka pande tatu, na shimo lote likanukia sabuni. Alipomaliza alikuja na kigingi, akakirudisha kwenye tundu lake, nami nikapima kutoka kwenye msumari kuhakikisha kimekaa sawa.

"Haya, chimbeni," alikuwa akisema. "Na nguo za watu msizitie vumbi."

Basi tulichimba polepole, tukikwangua udongo kidogo kidogo na kuumwaga kwa upole. Bahati nzuri ndivyo vitabu vyote vya kazi yetu vinavyosema tuchimbe, na sijawahi kuona kikundi kikivitii namna ile.

Siku tuliyofunika shimo alikuja akalikanyagakanyaga, kona hadi kona, kabla ya kuturudishia kigingi. Alikuwa amekiosha.