Shida za Kuazima

Jirani yangu fundi cherehani alianzishiwa vidonge baada ya wiki tatu za kutolala, siku alipokata kitambaa cha harusi ya watu vipande visivyoungana. Vidonge vikamrudisha. Akalala, akala, mkasi ukatulia mkononi. Mimi kinyozi, ambaye duka langu na lake yanatenganishwa na ubao tu, nikasema basi, kazi imekwisha.

Kliniki haikuona hivyo. Kadi isipogongwa muhuri na mshauri nasaha, dirishani hupewi dawa. Na huyu ni mtu wa maneno sita kwa siku, matatu yakiwa vipimo vya viuno. Mara ya kwanza alikaa mbele ya mama mshauri akikagua pindo la pazia lake, akatoka bila muhuri. Nyumbani vilibaki vidonge vinne.

"Vikiisha," aliniambia, "narudi kulekule."

Nilikasirika. Mtu mgonjwa unamdai maneno ndipo umpe dawa? Mimi ninayesikiliza watu bure kutwa nzima, sijawahi kumwacha mteja na nusu kichwa mpaka aseme ya moyoni.

Kwa hiyo nikamwazima shida zangu. Nikampa ya mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia siku tatu na sasa anaingia mwezi wa tano akitumalizia sukari. Nilimfundisha hata pa kuguna.

Akaenda. Nikamsubiri kwenye benchi la nje, nikijipongeza. Saa nzima ikapita. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na kadi ina muhuri.

"Mama mkwe amesaidia?"

"Aliangalia fomu. Akasema, 'Hapa umeandika mkeo ni marehemu, na mama yake alimtangulia. Sasa huyu anayekumalizia sukari ni nani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka. Naye akacheka. Halafu akaniuliza mke wangu alipenda kuvaa nini."

Juu ya cherehani yake linaning'inia gauni la kijani lenye mkono mmoja, tangu mazishi ya mkewe. Miaka miwili naingia pale kila asubuhi, napiga soga, nalipita kama silioni. Bingwa wa maneno mimi. Niliona wivu, nasema kweli, kisha aibu.

Hata hivyo nikaingia kumwambia yule mama kwamba kanuni yao ni ya kipuuzi.

"Hata mimi siipendi," akasema. "Siku ile ya kwanza muhuri nilikuwa nao mkononi, tayari kugonga. Mwenzako alikimbia."

Jioni ile fundi alimeza kidonge chake, akashusha gauni, akanipa mkono wa pili niushikilie apige pini. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, lilikuwa la kwendea wapi. Akaanza kunieleza, na maneno sita yakapitwa kabla pini ya pili haijaingia.