Manabii Kumi na Wawili na Jembe Moja

Kitabu cha kwanza cha teolojia nilichokishika maishani kilinuka muhogo. Mama alikihifadhi ndani ya kikapu cha muhogo mkavu juu ya meko, kwa sababu hapo ndipo palikuwa mahali pekee pakavu nyumbani kwetu, na sisi wa milima ya Masisi tunajua ukungu unavyokula karatasi. Kilipofunguliwa, ile harufu ya uchachu na moshi ilitoka pamoja na Isaya na Yeremia. Mpaka leo, nikipita mahali wanapoanika muhogo, akili yangu inakwenda moja kwa moja kwa manabii. Wenzangu hukumbuka kanisa wakisikia kengele, mimi hulikumbuka kwa pua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Mwinjilisti aliyeongoza kikanisa chetu cha kilimani alikuwa amehamia Buleusa kwa ndugu zake, na wazee wa kanisa kubwa la bondeni wakaamua hivi: Mama, ambaye alikuwa shemasi, ataachiwa kikanisa akifaulu mtihani wa kitabu cha kwanza cha kozi ya teolojia. Asipofaulu, mlango utafungwa na sote tutakuwa tunashuka kusali bondeni. Kwangu kushuka bondeni kulikuwa mchezo. Kwa bibi yangu, tuliyemwita Koko, mwenye magoti yaliyokwisha kazi, ilikuwa na maana kwamba hataimba tena na watu hadi siku ya kuzikwa. Koko alilijua hilo na Mama alilijua, ila hawakulizungumza. Niliwaona tu wakitazamana kila kitabu kilipotoka kikapuni.

Masomo yenyewe yalikuwa ya watu wenye kazi zao, hakuna aliyeacha shamba kwenda shule. Mwalimu Bahati, mtu mrefu mwenye mabuti ya mpira, alikuja kwa miguu kutoka upande wa Ntoto kila baada ya wiki mbili, akashinda na wanafunzi wake Alhamisi nzima, kisha akaendelea na safari yake. Siku nyingine zote kila mtu alijifunza kwake: swali juu, jibu chini, na kipande cha katoni cha kufunikia jibu ili usilichungulie. Mama alikuwa amesoma miaka minne tu ya shule ya msingi, tena zamani. Alisoma neno moja, akalala, akasoma la pili. Yaani kweli alilala, maana alikuwa ametoka kulima.

Hapo ndipo uvivu wangu ulipoingia, na sitaki kuupamba. Nilichukia jembe kuliko dawa ya minyoo. Ulikuwa msimu wa kutayarisha mashamba ya maharagwe, na wanawake wa kilimani walilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote kwenye mstari mmoja. Nikamwambia Mama, kwa sauti ya mtoto mwema, kwamba ningeweza kumsomea maswali huku yeye analima. Alinitazama kwa muda mrefu, akijua vizuri nilichokuwa nakikimbia, akakubali. Basi nikapanda juu ya kisiki na kitabu changu, nadhifu kabisa, nikauliza: "Neema ni nini?" Mama akainua jembe, akajibu jembe linapogonga udongo: wema wa Mungu, pu, tusioustahili, pu. Siku ya tatu jirani yake alijibu naye. Wiki ya pili mstari mzima ulijibu. Manabii wadogo ndio walionoga kuliko yote, kwa kuwa ni kumi na wawili, kila mmoja na pigo lake, Hosea, Yoeli, Amosi, Obadia, hadi Malaki, ambapo wote walinyoosha migongo na kucheka. Hata Koko, aliyekaa pembeni akichambua mbegu, aliwajua wote, yeye ambaye hakuwahi kusoma herufi moja. Nilijiona mwalimu mkubwa.

Mtihani ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwa mdomo, mbele ya waumini wote, ili wajue wanapewa kiongozi wa namna gani. Mwalimu Bahati alifungua daftari lake na kumsimamisha Mama mbele. "Neema ni nini?" Mabenchi yote ya wanawake yakajibu kwa sauti moja. Mwalimu akatabasamu, akaomba utulivu, akauliza la pili. Wakajibu tena. Hawakuwa na nia mbaya, ni vile tu wakisikia swali midomo inafunguka yenyewe. La tatu alilijibu Koko kabla Mama hajavuta pumzi. Mwalimu akafunga daftari.

"Sasa miye nitajua aje kama Mama Furaha anajua?" akauliza. "Muliimba wote. Mutoke inje, tafazali, mutu asibakie."

Tukatoka, tukajazana madirishani. Mwalimu akauliza manabii wadogo. Mama akaanza vizuri, Hosea, Yoeli, Amosi, halafu akanyamaza. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Nilimwona akifungua na kufumba viganja, nami nikaelewa kabla ya wote: nilikuwa nimemfundisha kwa namna ambayo peke yake hawezi. Nyuma yangu Koko alikuwa ameshika ukuta na kufumba macho. Niliona aibu ambayo bado naikumbuka.

Ndipo Mama akasema, kwa heshima zote: "Mwalimu, mikono yangu iko bure. Unipatie jembe."

Mwalimu alifikiri, akatazama sakafu ya udongo, akatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kukimbilia jembe maishani ila siku ile. Nililileta mbio na kulipitisha dirishani. Mama akatanua miguu, akainua, na manabii wakashuka mmoja mmoja, na sisi huko nje tumeziba midomo kwa vitenge tusije tukamharibia. Kwa Malaki akanyoosha mgongo. "Amepita," alisema Mwalimu Bahati. "Na nyiye wa inje mumepita wote, ila karatasi niko nayo moja tu." Koko alilia waziwazi, kisha akaulizia chakula.

Vile vishimo kumi na viwili vya jembe vilibaki mbele ya mimbari miaka mingi. Sasa kuna saruji, na masomo hayaji tena kwa mabuti ya mpira, yanaingia kwenye simu, sauti safi kabisa, unavaa visikizio na jirani hasikii kitu. Mwaka huu nimeanza kozi ileile, na mtihani wa kwanza nimeanguka. Ni manabii wadogo walioniangusha. Nilipanda kilimani kumwambia Mama, nikitarajia kuhurumiwa.

"Ulisoma na nani?" akauliza.

"Miye peke, Mama. Mu telefone."

"Njo maana umeanguka." Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na majembe mawili.

Narudia mtihani Jumapili ijayo. Simu inakaa juu ya kisiki na kuuliza kwa sauti yote, mstari mzima unajibu, na safari hii hakuna wa kunipokea jembe. Mgongo unaniuma vibaya, lakini nimeshafika Habakuki.