Kilio cha Kardani

Vita ndivyo vilivyomfundisha Zéphirin kusikiliza vyuma. Jeshi lilimpeleka mbali, kwenye nchi ambako mchanga uliingia hata katikati ya meno, likampa kazi ya kutunza pikipiki za maofisa. Zilikuwa pikipiki nzito zisizo na mnyororo. Nguvu ya injini ilipita katika mti wa chuma uliozunguka ndani ya bomba mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Wazungu waliuita kardani, na yeye akauita hivyo hivyo. Mnyororo ukichoka unauona kwa macho. Kardani imefichwa, haina namna ya kusema shida yake ila kwa sauti.

Vita vilipokwisha, alipata kazi Kasongo, katika karakana ya mfanyabiashara mmoja, nyuma ya duka. Watu walimjua kama yule fundi anayelaza sikio juu ya mashine. Alitumia mchi mdogo wa kutwangia pilipili: ncha moja aliiweka kwenye chuma, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mchi huo ulitoka jikoni kwa mama yake, katika kijiji cha Wamaza. Aliuchukua mwaka baba yake alipokufa, na hakuchukua kitu kingine.

Baba yake, Mzee Grégoire, alikuwa mkulima wa mihogo na karanga, na wa pamba kwa sababu pamba ilikuwa lazima. Aliyesimamia pamba ya upande ule ni agronomu mmoja Mbelgiji. Jina lake la kwao lilikuwa gumu mdomoni, kwa hiyo watu walimwita Bwana Mistari. Alitembea na kamba, akaivuta juu ya kila shamba, na ole wake mwenye mstari uliopinda. Mstari wa Mzee Grégoire ulipinda kwa sababu ya kichuguu. Bwana Mistari aliita kijiji kizima, wakiwemo wakwe wa mzee, watu ambao mzee hakuwahi hata kula mbele yao, akaamuru alazwe chini, achapwe fimbo matakoni.

Mzee aliinuka, akajifuta udongo, akaingia nyumbani. Hakutoka tena ila kwa kubebwa.

Alikufa wakati wa kuvuna. Bwana Mistari alituma neno kwa kapita, msimamizi wake pale kijijini: kwanza pamba, kulia baadaye. Kapita akapita nyumba kwa nyumba. Atakayesikika analia, atatolewa ndani apelekwe shambani. Basi wakamzika alfajiri, midomo imefungwa, kama watu wanaoficha kitu cha wizi. Hapakuwa na matanga. Zéphirin alifika kaburi limekwisha kufunikwa. Alimkuta mama yake, Marcelline, na kikapu cha pamba mgongoni. Alifungua mdomo alie, na mama akamziba kwa kiganja, kwa sababu kapita alikuwa amesimama karibu. Kiganja kile kilikuwa kimechanwachanwa na maganda makavu ya pamba.

Msimu wa kulia baadaye haukuja. Tangu siku ile Zéphirin alikuwa na kazi mbili. Moja ilikuwa ya karakana. Ya pili ilikuwa kumngoja Bwana Mistari.

Na Bwana Mistari akaja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelala upande wa mto Lualaba, na mngurumo wa pikipiki yake ulisikika tangu sokoni: sauti mbaya ya kusaga, kama mtu anayetafuna changarawe. Pikipiki ilikuwa ya kardani, kuukuu, mabaki ya vita. Nyuma yake alikaa Heri, planton, yaani tarishi wake, Mwislamu wa pale pale Kasongo, kofia nyeupe imegeuka nyekundu kwa vumbi.

“Yaya Zéphirin, uko muzima?” Heri alisema akishuka, akimwita yaya kama watu wa pale wanavyomwita kaka mkubwa. “Sisi tuko tunalia njia yote.”

“Nani iko analia?”

“Pikipiki. Mimi nalia ndani ya roho tu.”

Bwana Mistari hakumtambua Zéphirin. Angemtambuaje? Waliolazwa chini walikuwa wengi, na watoto wao wengi zaidi.

“Wewe, fundi,” alisema kwa Kiswahili chake kibovu cha kitabuni. “Pikipiki yangu analia. Mimi hapana taka. Watu ya Wamaza nasikia mimi mbali, nakimbia porini. Mimi nataka kufika kimya. Kama chui.”

Heri alitazama pembeni, akakohoa asije akacheka.

“Inalia wakati gani, Bwana?” Zéphirin aliuliza, kofia mkononi. “Ukiongeza gazi ao ukiacha?”

“Asubuhi analia sana. Jua nakuwa kali, analia kidogo. Kwa mteremko, mbaya kabisa.”

“Na ukishika ambriyaji, uiache ijikimbilie?”

“Analia tu.”

Ambriyaji ikishikwa, injini hutengana na gurudumu. Basi si injini, Zéphirin alijua. Kitu kilikuwa nyuma. Bwana Mistari akaenda kwa miguu kwenye ofisi ya serikali, akamwacha Heri alinde mali.

Zéphirin aliinua gurudumu la nyuma, akamwambia Heri alizungushe polepole, naye akaanza safari ya mchi. Kwenye bwati ya vitesi, yaani kasha la gia: kimya. Kwenye kiungo cha kardani: mlio mdogo, kama vidole vya mzee vikikunjwa, si kitu. Akashuka na bomba mpaka kwenye kasha la nyuma, pale meno ya kardani yanapokutana na meno ya gurudumu, na usagaji ukamwingia sikioni mpaka akafumba macho. Alifungua nati ya kumwagia mafuta. Hakikutoka kitu. Akaingiza kidole, akakitoa na uji mzito, mwekundu, umeganda. Akanusa.

“Heri, njoo unuse.”

Heri alinusa. “Sombe,” alisema, kama aliyenusa sufuria ya kisamvu. “Inakosa samaki tu.” Halafu uso wake ukabadilika.

“Nani aliweka mawese humu?”

“Bwana alisema, Heri, tia mafuta mule nyuma. Mimi nikaenda jikoni, nikaomba mafuta, mupishi akanipa mafuta.” Heri alishika kichwa. “Mafuta si mafuta? Na yalikuwa mazuri, yaya, mapya kabisa!”

Zéphirin angecheka siku nyingine. Mawese yaliganda kwa baridi ya asubuhi, yakaacha meno ya chuma yasagane makavu. Jua likipanda yaliyeyuka, sauti ikapungua. Lakini yalikuwa yamechacha, yakala chuma. Alifungua kasha, akatoa rulma, yaani beringi. Goroli zake zilikuwa na mashimo kama uso wa aliyeugua ndui, na moja ilikuwa na ufa.

“Ukimuambia,” Heri alisema kwa sauti ya chini, “nitalazwa chini.”

Zéphirin aliinua rulma kwenye mwanga. Alikuwa anaitazama ile goroli. Ikipasuka, kipande kitaingia katikati ya meno, gurudumu la nyuma litakwama ghafla, na kama ni kwenye mteremko wa kushuka mto Luama, aliye juu atarushwa kwenye mawe. Na yeye hakuwa na haja ya kufanya kitu chochote. Airudishe rulma ile ile. Atie mafuta mazito ya kweli. Sauti itazama kwa siku kadhaa, Bwana Mistari atakwenda kimya kama chui, mpaka pale. Hakuna mtu atakayeuliza. Pikipiki kuukuu, barabara mbaya.

Furaha ilimjaa kifuani, baridi na safi. Mkono wake ulikwisha kushika kopo la mafuta.

Heri, kwa kuona fundi hasemi neno la kumshitaki, alikuwa amepumua. Alipanda kwenye kiti cha nyuma, akajirusharusha kama mtoto. “Kesho tunaenda Kabambare. Nilimuambia bibi yangu niliyeoa, Binti, anifulie kanzu.”

“Wewe unakaa hapo siku zote?”

“Nikae wapi tena? Juu ya mapaja ya Bwana?”

Zéphirin aliweka kopo chini. “Shuka,” alisema.

“Nimekosa nini?”

“Shuka hapo, nakuambia!”

Alimchukia Heri kwa muda ule kama mtu aliyemnyang’anya chakula mdomoni. Kisha akaosha meno yote kwa esansi, yaani petroli, akatafuta rulma nzima katika sanduku la vyuma vya magari yaliyokufa, akaipigilia mahali pake. Yalibaki yale mapete membamba ya kupanga meno yaumane kiasi gani. Alishika moja kiganjani. Vitani, ofisa mmoja aliwahi kumtukana kwa pete moja ya ziada: meno yalibanana, pikipiki ikatoa sauti nyembamba, ndefu, iliyopanda na kushuka. Ofisa alisema inalia kama mjane.

Inalia.

Zéphirin alisimama na pete mkononi. Bwana Mistari alikuwa amelisema mwenyewe, na Heri pia, na yeye mwenyewe aliuliza asubuhi ile: inalia wakati gani? Aliongeza pete. Akajaribu kwa mkono, akaacha nafasi ya unywele, ili chuma kilie bila kufa. Akatia mafuta mazito, akafunga.

Jioni Bwana Mistari aliiendesha mpaka sokoni na kurudi. Sauti ilianza chini, ikapanda kila alipoongeza gazi, kama wanawake wanaopokeana kilio nje ya nyumba ya msiba. Wauza samaki waliinua vichwa.

“Bado analia!” Bwana Mistari alikuwa amevimba mishipa ya shingo. “Sasa analia zaidi!”

“Bwana, kulia kwa kwanza kulikuwa kwa ugonjwa.” Zéphirin alimwonyesha rulma mbovu. “Hii ndiyo ilichakaa. Sasa ni sauti ya chuma kizima. Asubuhi na muchana, iko sawasawa. Siku itakaponyamaza, Bwana aruke haraka. Kunyamaza ndiyo kufa.”

“Kunyamaza, kufa?”

“Ndiyo, Bwana. Kama mutu.”

Mzungu aliitazama goroli yenye ufa kwa muda mrefu. Hofu iliingia usoni mwake ikakaa, na Zéphirin aliiona ikikaa.

Habari zilizofuata zililetwa na Heri. Bwana anaendesha shingo imepinda, anasikiliza. Upepo ukibeba sauti, anasimama, anainama, anaweka sikio. Mashamba anayofikia yana kuku tu na vikongwe. Watoto wa Kabambare wamejifunza ule mlio, na akipita kwa miguu wanamlilia nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na jambo ambalo Zéphirin hakumwambia Bwana Mistari. Gazi ikiwa si ya kusukuma wala ya kuzuia, meno huelea, hayaumani, na sauti hupotea. Ilitokea kwenye mteremko wa kuingia Wamaza, mbele ya kapita na watu waliokusanywa kupokea mbegu. Pikipiki ilinyamaza. Bwana Mistari akaruka. Alianguka kifudifudi kwenye udongo, mikono imenyooshwa, pikipiki ikaendelea peke yake mpaka katikati ya mistari ya pamba.

“Na wewe?” Zéphirin alimuuliza Heri.

“Mimi niliruka kabla yake. Sikungoja amri.”

“Wakwe za baba yangu walikuwepo?”

Heri aliacha kucheka. “Wote, yaya.”

Zéphirin alidhani habari hiyo ingemtosha. Kwa siku kadhaa ilimtosha. Halafu akaona kwamba bado anaamka na kile kiganja mdomoni, akaomba ruhusa, akaenda kwao.

Alikuwa amekaa na mama yake wakimenya karanga, jua la asubuhi limeanza kuwaka, sauti ilipotokea ng’ambo ya kilima. Wanaume waliacha walichoshika wakaingia porini, bila haraka, kama watu waliozoea. Mlio ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

“Kitu gani kile kinalia vile?” Marcelline aliuliza. “Kila mara kinapita hapa kinalia.”

“Ni pikipiki ya Bwana Mistari, mama. Mimi niliifanya ilie.”

“Inalia nini?”

“Inamulilia baba.”

Mama alimtazama. Karanga zilibaki mkononi. Kisha akazimwaga kwenye ungo, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kabisa, miguu ameinyoosha, mikono juu ya kichwa, kama mjane anavyokaa siku ya kwanza. Sauti ya pikipiki ilipopanda, naye akapanda. Sauti yake ilianza kwa kukwaruza, kisha ikafunguka. Jirani mmoja akaja akaketi, akapokea. Wakaja wengine na majembe yao, wakayaweka chini. Zéphirin alifungua mdomo, na safari hii hakuna kiganja kilichomziba.

Bwana Mistari alitokea kwenye kona, akakuta uwanja umejaa. Akazima injini.

Kilio hakikukoma. Naye akainama, akaitazama pikipiki kwanza, akidhani bado ndiyo inayolia.