Maharagwe ya Matante Yalivyofika Area 23

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Nilisikia sufuria zikigongana nje kabla sijaona mtu, nikiwa bado nimelala hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nikadhani mvua ya mawe imeanza. Nilipochungulia, uwanja umejaa wamama, kila mmoja na sufuria tupu, wakiimba kwa sauti ya chini. Walikuja kuona chungu kisichoisha. Na chungu kile nilikizua mimi!

Ngoja nieleze. Mimi naandika hadithi, na mwaka huu nilisoma kitabu kuhusu namna Maandiko yalivyoanza. Kilinilevya! Injili ziliandikwa miaka mingi baada ya mambo yenyewe, tena kwa Kigiriki, wakati Yesu na watu wake waliongea Kiaramu. Majina ya waandishi huenda yalibandikwa baadaye. Na katika nakala kongwe za ile inayodhaniwa kutangulia, wanawake wanakimbia kaburini kwa hofu, hawamwambii mtu, basi, hadithi imekoma. Mistari inayofuata ni ya mkono mwingine. Jamani, nani angenyamaza na kitu kitamu hivyo mdomoni?

Nilimpelekea matante, dada ya baba, aliyenilea tangu Bukavu. Yeye ni shemasi, na kila arusi na kila msiba wa kanisa letu, mwiko wa kupikia unashikwa na yeye. Nilimwambia hadithi huumuka kama unga wa mandazi, kila mdomo unaongeza chachu. Akaendelea kuchambua maharagwe yake, akasema walioona njo walisimulia, ndio hao hao. Nikaapa kumwonyesha.

Sasa, siku moja ya mvua wageni wanne walitufikia bila taarifa, na maharagwe yetu kidogo yakatosha wote. Hilo ni kweli, nilikuwepo, nilikula. Kesho yake nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba watu, nikamwambia dereva kwamba chungu cha matante kilikataa kuisha. Niliongeza neno hilo tu. Kilikataa.

Hata msimu haujaisha, nilikwenda Lilongwe, Area 23, kuchukua suruali kwa fundi mmoja Mrundi. Akanisimulia hadithi yangu mwenyewe! Wageni wamekuwa arobaini. Maharagwe yameota nyama. Na mezani alikuwepo kijana mmoja mpinga Mungu, aliyeanguka kifudifudi akilia. Nilimuuliza nani kamwambia.

"Muntu mwenye alikuwa pale," akasema, akakanyaga cherehani.

Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Dzaleka. Mjinga mimi!

Maana zile sufuria zilikuwa njiani, zikafika asubuhi ile niliyowaambia. Matante aliwaambia wamama wale ukweli, kwamba chungu chake huisha kama cha mtu yeyote. Hawakuamini. Walirudi wakinung'unika kuwa ana baraka na anawanyima watu. Maneno hayo yakafika kanisani, na arusi iliyofuata mwiko akapewa mama mwingine. Matante alivaa nguo yake ya arusi, akakaa nyuma kama mgeni, mikono mapajani. Ile mikono sitaisahau.

Jumapili, saa ya ushuhuda, nikasimama. Nikamwaga yote: kitabu, kabaza, uongo. Kisha mzee mmoja wa mbele akageuka kunitazama kwa huruma.

"Hata Petro alikanaka kwanza," akasema.

Haleluya zilizofuata zilitikisa mabati. Waliona nakana muujiza: nimekuwa sura mpya ya hadithi!

Nyumbani matante alinikalisha kwenye kigoda.

"We mwenye kusoma. Ile siku ya mvua, uliniona nakula?"

Nikatafuta kichwani. Nikaona mgongo wake tu, akiosha sahani, akisema yeye ameshakula.

"Mi sikukulaka," akasema. "Njo maana ilitosha. Na we ulikuwa pale."

Ole wangu! Mpekuzi mzima wa nakala kongwe, shahidi wa macho, na nilikuwa nimeinamia sahani.

Sijabadili mawazo kuhusu ile mistari. Nasema bado kwamba iliongezwa. Lakini ninyi wenzangu mnaopenda kufumua hadithi za watu, sikieni: fumueni, ila kwanza muulizeni mwenye chungu. Na msitupe uongo barabarani ili mshinde ubishi. Utarudi na sufuria mkononi, na hautabisha hodi kwako, utabisha kwa yule anayekupenda.

Jioni ile walikuja tena wamama watatu. Matante akawapakulia, akajipakulia na yeye, akala polepole huku akinitazama, hadi chungu kikalia kikavu. Mimi sikupata hata punje. Kisha akafunga kitambaa chake kichwani. Anakwenda kwa viongozi wa wamama, alisema, kudai mwiko wake.

"Bantu bakikuuliza juu ya ile siku ya mvua," akaniambia, mkono kwenye kitasa, "baambie ilitosha."

Mlango ukafungwa nyuma yake.