"Naomba" ya Mzee Masanja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kilimo, Mwanza, Karani Mkuu alinionyesha kiti changu akasema, "Hapa hutakiwi kuwa na akili nyingi. Andika ulichoambiwa, fasiri ulichosikia." Ilikuwa miaka ya hamsini, nimetoka sekondari tu, na nilikuwa kwenye majaribio, yaani ningeweza kuondolewa bila kuelezwa sababu.

Vijana wa leo hamjui daraja lilikuwa nini kwetu. Ndilo lililoamua mshahara, nyumba ya serikali na kiinua mgongo. Cheo cha mtu kikifutwa, aliweza kupewa kazi ya chini akabaki na daraja lake na mshahara wake. Tuliuita mshahara binafsi, kwa kuwa ulimfuata mtu, si kiti. Lakini ilikuwa lazima awe amepelekwa na serikali. Aliyeomba kushuka mwenyewe alilipwa kwa kazi aliyoiomba.

Ghala la mbegu za pamba lilipofungwa, msimamizi wake, Mzee Masanja, aliitwa na Afisa Kilimo, Mwingereza. Mkalimani nilikuwa mimi.

"Mwambie ipo kazi ya karani wa mizani, Kisesa. Anasemaje?"

Mzee Masanja alivua kofia. "Naomba niende huko, bwana."

Nikafasiri kwamba anaomba kwenda Kisesa.

"Anaomba mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana," nilijibu mimi, bila kumuuliza mzee.

Kwetu, mbele ya mkubwa, hata unachopewa unakiomba. Mtu aliyekwisha kufukuzwa bado huomba ruhusa ya kuondoka. Nilijua hilo kabla hatujafika mlangoni, lakini niliogopa afisa angesema Kiingereza changu kina kasoro.

Mwisho wa mwezi mzee alinijia. "Mwanangu, wamenishusha daraja. Na nyumba nitoke."

"Nitafuatilia, mzee."

Sikufuatilia.

Baada ya Uhuru mzee alipeleka malalamiko mwenyewe. Afisa Utumishi mpya, kijana wa kwetu, alituita wote wawili.

"Shikamoo, mzee. Kaa." Kisha akanigeukia. "Ndugu karani, huyu aliomba Kisesa, au alikubali alikopelekwa?"

Wakati huo nilikuwa nimependekezwa kupanda cheo. Nikajibu, "Alisema naomba."

Mzee Masanja akacheka. "Ni kweli, nilisema. Ningemwambiaje mkubwa? Nataka?"

Afisa naye akacheka, akafunga jalada. "Basi, mzee wangu, sina la kufanya."

Pale nje nilishindwa kumtazama. Yeye ndiye aliyenipa mkono. "Ahsante, baba. Wengine wangenikana, waseme hawakumbuki."

Alistaafu akiwa karani wa mizani, akarudi kwao kulima. Mimi nilipanda hadi Karani Mkuu, na kiinua mgongo changu kimejenga nyumba hii ya Igoma ninamoandikia. Wanangu huniuliza kwa nini sisimulii kazi yangu kwa furaha. Kila mmoja wa maafisa wale wawili alihitaji sentensi moja tu: "Ndivyo tunavyosema tunapokubali." Niliijua kwa lugha zote mbili.