Mkunjo Aliouficha Mzee Humudi

Kwa miaka arobaini na kitu, bwana harusi wa Kiislamu aliyejiheshimu hapa Kilosa hakuvaa joho kabla hajapita chumbani kwa Mzee Humudi. Walitoka Rudewa, walitoka Kilangali, wengine walipanda basi kutoka Mikumi, kitambaa cha kilemba kimo ndani ya mfuko wa rambo, shingoni manukato ya kuazima. Mzee Humudi aliwakalisha kwenye kigoda, akawashika kidevu na kuwaambia watulie kama wananyolewa.

Uarabu wake ulikuwa umebaki kwenye jina na kwenye pua. Babu wa babu yake alikuja na misafara akaishia hapa, akaoa hapa. Mama yake Humudi alikuwa Msagara wa kule milimani, na yeye mwenyewe Maskati aliiona kwenye kalenda tu. Alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga kama jirani yake yeyote, mwenye miguu iliyopasuka visigino. Lakini kilemba cha Kimanga, kile cha Waarabu wa Maskati, alikifunga hadi mtu ukasahau visigino vyake.

Alianza kwa kukunja kitambaa pembe kwa pembe kikawa cha pembetatu. Upande mrefu aliuviringisha kidogo kidogo, unene wa vidole viwili, akauweka juu ya paji la uso, si juu sana mtu akaonekana mshamba, si chini sana akaonekana mgonjwa. Ncha mbili zilipita juu ya masikio, zikapishana kisogoni, zikarudi mbele, moja ikilala juu ya mwenzake kwa mshazari. Hapo mtu yeyote mwenye macho angeweza kufuata. Kilichobaki ni ule mkia wa nyuma, na mkia huo ndio unaoshika kilemba kizima. Ukichomekwa vibaya, bwana harusi hafiki kwa wakwe kilemba hakijamwangukia usoni.

Alipofika hapo, Mzee Humudi alisema, "Tokeni." Wapambe walitoka. Mlango ulifungwa. Bwana harusi mwenyewe aligeuzwa kuelekea ukutani. Baba yake Humudi alifanya hivyo, naye Humudi akafanya hivyo, na uchoyo huo aliuita adabu.

Alikuwa na watoto wawili, Yusrah na Muhsini. Yusrah, mkubwa, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachwa, na tangu utotoni kazi yake siku za harusi ilikuwa kufunga mlango ule akiwa nje. Muhsini alikuwa fundi wa matairi kwenye gereji moja ya kando ya barabara kuu kule Mikumi, kijana mpole, mikono myeusi kwa grisi, Ijumaa zote yuko nyumbani. Mara tatu alimwomba baba yake amfundishe.

"Umeoa?" mzee alimuuliza mara ya kwanza.

"Bado, baba."

"Basi umejijibu."

Ndivyo ilivyokuwa kwenye nyumba yao. Mwana hufundishwa mkunjo wa mwisho siku ya pili ya harusi yake, baada ya kuvikwa na baba. Muhsini hakubisha. Alikuwa mtoto wa kusema "ndiyo, baba" hata pale ambapo, kwa maoni yangu, angepaswa kupiga kelele.

Mwaka jana, katikati ya mfungo, Mzee Humudi alianguka msalani kwa kiharusi. Maneno yalirudi baada ya wiki mbili. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani, vidole vimekunjamana, na Yusrah akawa anamlisha uji kwa kijiko.

Wakati huo Muhsini alikuwa ameshaposa binti wa Kilangali, na harusi ilipangwa baada ya mavuno. Yusrah aliona jambo ambalo baba yake hakutaka kuliona.

"Baba," alimwambia, "mkono umelala lakini mdomo upo. Mwelekeze Muhsini kwa maneno. Aanze sasa."

"Mkono utapona kabla ya harusi."

"Na usipopona?"

"Wewe mtoto unaniombea nini?"

Muhsini alikuwa amekaa mlangoni, anasikia. "Mwache baba," alisema. "Nitasubiri." Maneno hayo matatu yalimfurahisha sana mzee. Aliwasimulia wageni wote waliokuja kumjulia hali kwamba ana mtoto mwenye subira.

Wiki tano kabla ya harusi, pale Mikumi, jeki ilichomoka na lori likamlalia Muhsini kifuani. Kichwa hakikuguswa. Alfajiri ya Jumamosi hiyo alitoka nyumbani kwenda kazini, saa nne asubuhi simu ikalia, saa saba mchana wakamleta nyumbani akiwa amefunikwa shuka. Mazishi yakapangwa baada ya alasiri.

Kwenye nyumba ile maiti ya mwanamume huzikwa na kanzu na kilemba ndani ya sanda. Basi Mzee Humudi alitaka jambo moja tu duniani: mwanawe aende na kilemba cha bwana harusi, kwa kitambaa cheupe cha sanda, kimefungwa hadi mwisho kama inavyotakiwa. Walimbeba na kiti chake cha plastiki wakampeleka uani, nyuma ya mashuka yaliyotundikwa, palipooshewa. Mzee Mwinshehe, muosha maiti wa mtaa na rafiki yake wa utotoni, alikuwa amemaliza kuosha. Walikuwepo wanaume wanne na shehe. Mzee Humudi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwaambia watoke.

"Kunja pembe kwa pembe," alisema.

Mwinshehe alikunja. Aliviringisha, akaweka kwenye paji, akapitisha ncha, wengine wakamwinulia kichwa Muhsini taratibu. Mikono ya Mwinshehe ilikuwa mizito lakini mitiifu, na kilemba kikaanza kuwa kilemba.

"Sasa mkia wa nyuma. Uchukue, halafu uu..."

Mwinshehe aliushika mkia.

"Nipeleke wapi, Humudi?"

"Upitishe."

"Juu au chini?"

Mzee Humudi alifungua mdomo. Kwa miaka arobaini na kitu hakuwahi kulisema jambo lile, hata kwa siri, hata peke yake. Vidole vya kulia ndivyo vilivyolijua, na vidole hivyo vilikuwa pale mapajani. Aliinua mkono wa kushoto akachora hewani. Ukaenda upande usio wake. Akaurudisha, akachora tena, ukapotea tena.

"Chini," alisema. "Hapana. Juu kwanza, kisha... Hapana, Mwinshehe, fumua, anza upya."

Walianza upya. Mara ya pili kilemba kilimteremkia Muhsini machoni. Mara ya tatu kilifunguka chote, kitambaa kikaanguka kwenye maji ya kuoshea, ikabidi kikatwe kingine. Mzee Humudi alikuwa analia sasa, kwa sauti, bila kujificha, akiupiga mkono wa kulia kwa wa kushoto.

Shehe aliinama akamshika bega. "Mzee wangu, maiti haicheleweshwi."

Mwinshehe alizungusha kitambaa mara mbili na kupiga fundo, kama anayefunga kidonda. Muhsini akazikwa hivyo.

Siku ya tatu, baada ya kuanua matanga, alikuja kijana kutoka Mikumi. Alikuwa Kornelio, Mkristo wa huko Berega, aliyefanya kazi gereji moja na marehemu na kulala naye chumba kimoja. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Kaa."

Alikuwa ameleta begi la nguo za Muhsini, na kitu kingine alichokishika kwa mikono miwili, kimefunikwa khanga. Aliweka sakafuni akafunua. Lilikuwa dumu la mafuta la lita kumi, limejazwa mchanga lisianguke. Juu yake palikuwa na kilemba.

Yusrah alishika mdomo.

Mzee Humudi aliinamia dumu. Mviringo wa paji, vidole viwili. Ncha zimelala kwa mshazari. Hapakuwa na kosa, ila kisogoni, ambapo mkia ulining'inia umeshikizwa kwa kibanio cha nguo.

"Alijifunza kila jioni tukitoka kazini, tangu ulipougua," alisema Kornelio. "Akifika hapo anabana. Alikuwa anasema, hapa ndipo baba ataniambia, siku ya pili. Mimi nilikuwa namshikia dumu."

Mzee Humudi alinyoosha mkono wa kushoto akachomoa kibanio. Labda alidhani vidole vitakumbuka, sasa kwa kuwa kazi ilikuwa imefikishwa pale pale alipoiachia siku zote. Aliushika mkia, akaupitisha chini, akauvuta. Ncha moja ililegea. Alijaribu kuizuia kwa kiwiko, ya pili nayo ikateleza, na kabla Yusrah hajafika kilemba chote kilikuwa sakafuni, kitambaa tu, na dumu limebaki wazi.

"Unakumbuka Muhsini alivyokifunga?" mzee alimuuliza Kornelio. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kornelio aliinamisha kichwa. "Sikuwa naangalia, mzee. Nilikuwa nashika tu."

Yusrah aliokota kitambaa, akakikunja pembe kwa pembe, akakiweka magotini kwa baba yake. Kisha, bila kufikiri, aliinuka kwenda kufunga mlango, kwa sababu ndivyo alivyofanya maisha yake yote kitambaa kile kilipofika magotini kwa mzee.

"Acha," alisema Mzee Humudi. "Uache wazi. Njoo ukae hapa karibu."

Yusrah alirudi akakaa. Baba yake alikishika kitambaa kwa mkono wa kushoto, akakitazama kwa muda mrefu, na hakuwa na la kumwonyesha.